Vidole vya Zambarau

Wiki iliyopita nilishuka mjini Butembo kutafuta bawaba za mlango, nikarudi nyumbani na kitu ambacho sikukihitaji hata kidogo. Pale dukani, kati ya ndala na betri za redio, palitundikwa vipakiti vya nailoni, na ndani ya kila kipakiti mlikuwa na minyoo laini ya plastiki. Mingine ilikuwa ya kijani, mingine myekundu, mingine ya zambarau yenye chembechembe za kumetameta. Nilisimama katikati ya njia. Vijana wa pikipiki walinipigia honi niwapishe, na mimi wala sikusogea.

"Mukaka, unatafuta nini?" kijana mwenye duka akaniuliza. Mukaka ndiyo bibi kwa Kinande, na kwa umri wangu sina tena haki ya kununa nikiitwa hivyo.

"Hii ni kitu gani?"

"Hii? Ni ya batoto kucheza. Ilikuya ndani ya carton pamoja na bintu bingine. Miye mwenyewe siyue muzuri."

Nikamweleza kwamba si vya watoto kuchezea, ni chambo, kwamba ndoano hupita kichwani na ncha yake hufichwa tumboni. Alinisikiliza kwa adabu, kama vijana wanavyosikiliza wazee wakiwa na haraka. "Mais Mukaka, samaki itakula plastique?" Nikalipa, nikaondoka bila bawaba. Mlango wangu bado unafungwa kwa kamba hadi leo ninapokuandikia.

Nyumbani nilikifungua kipakiti nikakinusa. Kilinuka petroli. Chambo cha babu yangu kilinuka moshi na ndimu, na harufu hiyo ilikuwa kwenye nguo zetu, kwenye nywele zetu, hata kwenye bugali. Kaa basi nikusimulie, maana wenzangu wa kusimuliana nao mambo haya wamekwisha.

Tulikaa pembeni ya Beni, upande ambao njia inaanza kuteremka kwenda bonde la Semliki. Wewe unayeijua Butembo na baridi yake, usiifikirie Beni hivyo. Beni ni joto, ni michikichi, ni msitu unaoanza mahali shamba linapoishia. Nyumbani tulikuwa watatu: babu, mama yangu aliyekuwa binti yake, na mimi. Baba alikuwa dereva wa lori la kahawa. Aliondoka na mzigo kwenda Stanleyville mwaka wa vurugu, na mpaka mama anazikwa alikuwa bado anamsubiri.

Babu, au Sokulu kama tulivyomwita, hakujua herufi hata moja. Alichokijua ni mpira. Wakati wa ile vita ya Wazungu, serikali ya wakoloni iliwalazimisha watu wa kwetu kuingia msituni kuchuma utomvu, na aliyeleta pungufu alilambwa viboko. Mgongo wa babu ulikuwa na alama za mpira huo, na hakupenda tuzitazame alipokuwa akioga. Baadaye alifanya kazi kwa Mzungu mmoja wa shamba la kahawa ambaye kila Jumamosi alishuka mtoni kuvua. Babu alimbebea mikoba. Huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza mnyoo usiooza, mnyoo wa mpira, unaotikisika majini kama ulio hai.

Uhuru ukaja na kelele nyingi. Mzungu yule alipakia mbwa wake na godoro lake garini, akaondoka bila kuaga mtu, akasahau kopo moja juu ya ukuta wa baraza. Ndani yake mlikuwa na minyoo saba. Babu alivua nayo mpaka ikakatika mmoja baada ya mwingine, na uliposalia mmoja akakataa kuutumia tena. Aliukandamiza kwenye udongo wa mfinyanzi, akapata umbo lake, akaingia msituni na panga lake la zamani. Alirudi na kibuyu cha utomvu mweupe. Mama alipomwuliza kama hakuapa kutogusa tena miti ile, alijibu kwamba safari hii hakuna anayempimia.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya nyumba yetu. Utomvu ulichujwa kwa kitambaa, ukatiwa rangi, ukamiminwa ndani ya vitundu vya udongo vyenye umbo la ule mnyoo, kisha ukanyunyiziwa maji ya ndimu ili ugande. Mama alikamua ndimu mpaka vidole vikamchanika. Mimi niliichomoa minyoo, nikaiminya maji yatoke, nikaitundika juu ya jiko ipate moshi kidogo tu. Moshi ukizidi, mpira hukakamaa, na samaki akiuma kitu kigumu hutema. Siku moja mwanzoni tulitaka rangi nyekundu tukatia mawese. Asubuhi yake tulikuta uji unaonata, na babu akasema tumepika chakula cha nzi.

Halafu kulikuwa na kuvalisha, yaani kumvalisha mnyoo ndoano. Ndoano huingia kichwani, hutoka upesi chini ya kidevu, hugeuzwa, kisha ncha hurudishwa tumboni mpaka ibaki chini ya ngozi nyembamba. Ukipitisha kidole usiiguse. Mto wetu umejaa mizizi na miti iliyoanguka, na ndoano iliyo wazi huvua kuni. Iliyofichwa hupita kila mahali, na samaki anapouma mpira hubonyea na ncha hutoka yenyewe. Nilijifunza kazi hii nikiwa na miaka minane, na nilipofika kumi wavuvi waliokuja kubadilisha samaki kwa chambo walikuwa wakiuliza kwanza, "Iko ya ule mutoto mwanamuke?"

Rangi ilikuwa shauri lake babu. Nyeusi ilitoka kwenye masizi, manjano kwenye bizari, nyekundu kwenye unga wa ule mti ambao akina mama walijipaka ngozini zamani. Juu ya rangi yalikuja maandiko ya babu, kama mama alivyoyaita kwa utani. Alikata unyoya wa kuku mshazari, akachora kila mnyoo kufuatana na maji utakamokwenda. Mistari mitatu minene ya kukata ni ya maji mekundu baada ya mvua. Mstari mmoja mwembamba toka kichwani hadi mkiani ni wa kiangazi, maji yakiwa meupe. Msumeno ni wa kile kidimbwi kirefu chini ya mawe. Mkanda wa nukta ni wa kambare. Hakuwa na mchoro wa urembo. Kila alama ilikuwa na mahali pake mtoni.

Nami nilibuni wangu. Nilichora macho mawili upande mmoja wa kichwa, upande wa pili pakawa patupu. Babu aliushika mnyoo ule, akaugeuzageuza, akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu alipigana na muke yake," akasema. "Hapana, mwana. Samaki batatuchekelea."

Nilimbembeleza mwaka mzima autie mtoni, akakataa mwaka mzima. Kila nilipomwonyesha mwingine alimwuliza mama kama ule ugomvi haujaisha. Nilikuwa nakasirika kweli, mpaka nalia.

Sasa nikuletee mwalimu. Alikuwa mtu wa Kasai, ametumwa kwetu na serikali kufundisha shule ya msingi, kijana mrefu mwenye suruali yenye pasi hata siku za matope. Kiswahili chake kilimtia aibu, maana akifungua mdomo tu kila mtu alijua kwamba si wa huku. Alitufundisha kuandika kwa kalamu ya ncha na wino wa zambarau, ule wa unga unaokorogwa na maji. Ole wako ukidondosha wino daftarini. Ilikuwa rula kwenye vidole. Tulifundishwa kuchovya, kugusisha ncha kwenye mdomo wa kichupa mara mbili, tik, tik, ndipo uandike. Mkono wangu ulishika jambo hilo kama ulivyoshika ishara ya msalaba.

Baada ya uhuru mishahara ilianza kuchelewa, kisha ikawa hadithi. Mwalimu akawa anakula kwetu. Mama alimpikia sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, naye kwa kuona haya kula bure alimletea babu unga wa wino uliobaki shuleni. Babu aliukoroga na utomvu, na sijui samaki waliona nini katika rangi ile, lakini tangu siku hiyo mto haukutaka rangi nyingine. Tukawa nyumba ya zambarau. Babu na mama walipochora walipangusia unyoya mgongoni mwa mkono wa kushoto, hivyo mikono yao ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye kifundo. Kanisani watu walituachia nafasi kwenye benchi ili tusichafue nguo zao za Jumapili.

Kisha waasi wakafika Beni. Sitakusimulia yote, mengine sikuyaona na mengine ninayakataa. Nitasema tu kwamba askari wa serikali walikimbia kabla, mapadri wakaondoka, shule ikafungwa, na mtu yeyote wa bureau, wa ofisi za serikali, akawa mtu wa kutafutwa. Karani wa posta alichukuliwa akiwa na mswaki mdomoni.

Wiki kadhaa baadaye, mchuuzi mmoja alikamatwa kwenye njia ya Butembo na barua katika kiatu. Ilikuwa barua ya kuwaomba askari warudi, na ilitaja waasi walikolala na wangapi. Haikuwa na jina chini. Iliandikwa kwa wino wa zambarau.

Jioni ileile mwalimu alikuja kwetu kwa kupitia migombani. Alisimama mlangoni, akamwambia babu bila kuzunguka, "Muzee, ile barua, ni miye." Hakuomba kufichwa. Mama ndiye aliyesema kabla ya wote.

"Papa, huyu hapana ndugu yetu. Iko na batu yake kule kwabo. Bakimukuta hapa, batatumaliza siye wote, na huyu mutoto."

Alinishika kichwa alipotamka neno mtoto. Ninamwelewa mama leo kuliko nilivyomwelewa siku ile. Babu akajikuna mkono.

"Amekulaka ku chungu yangu," akasema. "Na mutu ya vidole vya zambarau, utamuficha wapi? Utamuficha kwa batu ya vidole vya zambarau."

Hivyo ndivyo mwalimu alivyokuwa mjomba wangu bubu kutoka milimani, aliyekuja kutusaidia kazi. Bubu, kwa sababu ya ule ulimi wa Kasai. Suruali yenye pasi ilichomwa jikoni, akavaa kaptula ya babu. Na babu akanikabidhi mimi.

"Mufundishe kazi," aliniambia. "Akiulizwa, mikono yake ijibu."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mtu aliyenipiga rula vidoleni sasa alikuwa mwanafunzi wangu. Sitakuficha, nilifurahi. Nilimfundisha kuchuja, kumimina, kupima moshi kwa pua. Nilimfundisha kuvalisha, na hapo alinitoa jasho, maana mikono yake ilikuwa inatetemeka muda wote na ndoano zilimtoboa. Nilimkaripia kwa maneno yake mwenyewe: rudia, rudia tena, usiwe na haraka. Alinyamaza kama bubu wa kweli, akarudia. Siku za mwisho alikuwa anaweza kuficha ncha vizuri kiasi cha kumdanganya mvuvi.

Kuchora sikumfundisha. Mtu wa kalamu, nimfundishe kuvuta mstari? Niliona ni kumvunjia heshima, na ninajua vizuri siku niliyoliwaza jambo hilo, nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa nikila muwa.

Walikuja asubuhi, baada ya umande kukauka. Walikuwa sita, na mkubwa wao hakuwa mgeni kwa watu wazima. Kabla ya vita alikuwa planton kwenye ofisi ya serikali: kwa miaka mingi alifagia, alipeleka mafaili toka meza hii hadi ile, alisimama nyuma ya makarani akingoja watie sahihi. Hakuna aliyewahi kumfundisha kusoma. Sasa alikuwa na bunduki na ile barua mfukoni mwa shati.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Alitukusanya barazani, akatazama mikono yetu mmoja mmoja, akacheka kidogo.

"Hapa bote beko bakarani," akasema.

Babu akamweleza kazi yetu, akamwonyesha minyoo iliyotundikwa. "Wino njo tunatiaka ku mpira, chef. Mwalimu alituachia mbele ya kukimbia."

"Muzuri. Mufanye basi. Nione."

Tukakaa kila mtu mahali pake. Mama alichukua ndimu, mimi nikachukua ndoano, babu akainamia vitundu vya udongo. Mwalimu aliangalia ndoano nilizomsogezea, akaangalia vidole vyake vilivyokuwa vinacheza, na kwa kujiokoa akachukua kitu ambacho mkono wake ulikizoea kuliko vyote. Alichukua unyoya. Aliushika kwa vidole vitatu. Akachovya koponi, akagusisha ncha kwenye mdomo wa kopo mara mbili. Tik, tik.

Mimi sikuona kosa. Naomba ulielewe hilo, kwa sababu nimelibeba maisha yangu yote. Mkono wangu mwenyewe ulifanya vilevile kila siku, ulifundishwa na yeye, na macho yangu yalipita juu ya jambo lile bila kusimama. Aliyeliona ni yule planton. Miaka mingi alisimama nyuma ya meza akiisikia sauti ile.

"Ngoja," akasema. "Huyu bubu. Fanya tena."

Mwalimu alibaki na unyoya hewani. Tone la zambarau lilianguka juu ya goti lake. Nikaona midomo yake ikifunguka. Babu alinyanyuka, akauchukua ule unyoya mkononi mwake kama mtu anayechukua kijiko kwa mtoto anayemwaga mchuzi.

"Usimusumbue, chef. Anafanya vile namufundisha." Na babu, ambaye tangu kazi ile ianze alipangusia unyoya mgongoni mwa mkono wake, akauchovya, akaugusisha kwenye mdomo wa kopo mara mbili. "Hivi njo banafanyaka bakarani, hapana?"

"Na weye ulijifunza wapi?"

"Kwa Muzungu ya kahawa. Nilikuwa namwandikia."

"Unayua kuandika?"

"Nayua."

Yule mtu alitoa barua mfukoni, akaikunjua polepole. "Na hii?"

"Njo miye," babu akasema.

Mama alitoa sauti ndogo, ndimu ikamtoka mkononi ikabiringika hadi miguuni kwa askari mmoja. Mwalimu akaanza kuinuka. Naapa nilimwona, magoti yake yaliachana na mkeka. Babu akamwekea mkono begani akamrudisha chini, bila kumtazama.

"Weye maliza kazi," akamwambia.

Planton akataka ushahidi. Alipasua karatasi kwenye mfuko wa saruji uliokuwa ukutani, akampa. "Andika, nione." Babu akakaa, akaweka karatasi juu ya goti, akaandika. Aliandika bila kusita, mstari chini ya mstari, akichovya na kugusisha, tik, tik, uso umetulia kama siku yoyote ya kazi. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, sikuiona karatasi. Alipomaliza akaipuliza ikauke.

Yule mtu aliitazama muda mrefu. Akaiweka karibu na ile barua, akalinganisha. Rangi ilikuwa moja. Mistari ilikuwa mistari. Kati ya vijana wake watano labda alikuwamo aliyewahi kukaa darasani, lakini hakuwauliza, na sidhani kama kulikuwa na kitu duniani ambacho kingemfanya awaulize mbele yetu. Akaitikia kwa kichwa.

"Njo ileile," akasema.

Walimchukua kwa miguu. Alitutazama kidogo tu, akaniambia nisiache mpira motoni. Walimpeleka hadi kwenye kidaraja, si mbali, tulisikia mlio mmoja. Nilikwenda nikaondoa minyoo juu ya jiko kama alivyosema, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Walimwacha njiani na karatasi yake imechomekwa kifuani mwa shati, ili wapitao wajue kosa lake. Wazee wa jirani walimleta, wakamwosha. Walijaribu ndimu, walijaribu majivu, mikono haikutakata. Tulimzika na vidole vya zambarau, bila padri, mama akiongoza rozari na sauti yake ikikatika kila fumbo.

Siku ile ya maziko nilimwambia mama kwamba ni mimi ambaye sikumfundisha mwalimu kuchora. Alikuwa anachambua majani ya sombe. Aliendelea kuchambua. Nilisubiri anipige au anikumbatie, lolote, na mwishowe akasema, "Lete chumvi."

Mwalimu alibaki bubu. Hata tukiwa peke yetu hakusema neno. Kila siku alikaa pale pale, akachora minyoo, na sasa alipangusia unyoya mgongoni mwa mkono. Baada ya majuma mengi askari wa serikali walirudi na malori yao na Kilingala chao, wakauliza nani ni mfanyakazi wa serikali apandishwe lorini. Mwalimu akasimama akasema jina lake. Sauti yake ilikuwa inakwaruza kwa kukaa bila kazi. Kabla ya kupanda alimpigia mama magoti matopeni, kaptula ya babu bado mwilini. Mama akamwambia ainuke, lori linamngoja. Hatukupata barua kutoka kwake, wala sikuitaka. Nilimchukia miaka mingi kwa sababu hakufungua mdomo. Leo nina umri mkubwa kuliko wa babu, na simchukii tena, lakini kumsamehe hasa, hapana, sijafika huko. Na mimi mwenyewe bado sijajisamehe kuhusu ule muwa.

Mwaka uliofuata tulihamia Butembo kwa ndugu wa mama. Hakuna aliyeendelea na kazi ile. Vitundu vya udongo tuliviacha barazani, mvua ikavirudisha udongo. Msitu wa upande ule hauendeki siku hizi. Wanaokwenda shambani asubuhi hawarudi wote jioni, na sisi tulio huku juu tunahesabu majina ya waliouawa redioni na kuzima. Miti ya utomvu kama bado ipo, inakaa na maziwa yake. Mto ndio huohuo, nasikia, ila wanavua kwa nyavu, tena mchana tu, na mmoja anasimama ukingoni kuangalia nyuma.

Lakini karatasi ipo. Mama aliitunza ndani ya kitabu cha sala, akanipa asubuhi ya harusi yangu bila maelezo. Ina mkunjo mmoja na doa la kahawia ambalo si wino. Siku zote nilidhani babu alipiga mistari tu, ya kumhadaa asiyejua. Niliifungua nikiwa na gauni jeupe, na nikaanza kusoma. Mstari wa kwanza wa karatasi ulikuwa na ile mistari mitatu minene ya kukata: maji ya mvua. Wa pili ulikuwa mwembamba, mrefu: kiangazi. Kisha msumeno wa kidimbwi, kisha mkanda wa kambare, na chini yake alama nyingine zote, kwa utaratibu ule ule alionifundishia. Aliandika mto mzima. Kwa kuwa alichanganya wino na utomvu, alama zilisimama juu ya karatasi, na sasa macho yanaponikimbia ninazisoma kwa kidole.

Mwisho wa karatasi, peke yake, pana kichwa cha mnyoo chenye macho mawili upande mmoja.

Shemeji zangu walinikuta nalia wakasema ni desturi ya bibi harusi. Sikuwasahihisha.

Basi juzi, baada ya kukinusa kile kipakiti, nilitoa mnyoo mmoja wa zambarau, nikauweka mezani kando ya karatasi. Nikachukua biki ya mjukuu. Nikatia nukta mbili kichwani, upande mmoja. Plastiki haishiki wino. Nilipozigusa zilifutika, zikabaki kwenye kidole changu, na nilikwenda kulala bila kunawa.